Kamera Iliyokatwa Mapema

Boksi la dawa lilipopotea garini, dereva hakutetemeka hata kidogo. Bosi alifoka, mtunza stoo akamkata jicho, yeye akaonyesha tu kamera iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, ikitazama ndani ya gari. "Ile haina shemeji wala binamu humu. Twendeni tukaiangalie." Raha iliyoje kujijua huna hatia! Alimpigia hata mkewe simu, akamwambia, "Leo watu wazima wataniomba radhi."

Kamera hiyo ilikula umeme wa betri hata gari likizimwa. Na betri yenyewe, jamani, ilikuwa choka mbaya, maombi ya mpya yanazungushwa ofisini tangu mwaka jana. Fundi umeme alipokuja kuifunga kamera aliuliza, "Kaka, betri ikishuka, niiache kamera iendelee au ikate mapema? Ikiendelea, gari haliwaki." Dereva alishachoka kuwabembeleza walinzi wamsukumie gari kila asubuhi. Akasema, "Ikate mapema, ndugu yangu. Nani atahangaika na mkweche huu?" Wakacheka wote wawili.

Basi wakaizunguka kompyuta ya bosi. Gari hilo hapo, limeegeshwa mbele ya zahanati, saa sita mchana, jua la kutoboa utosi. Dereva anaonekana akinyanyua boksi kutoka kiti cha mbele, anashuka nalo, anatoweka pembeni.

"Hapo nalipeleka nyuma ya gari kwenye kivuli, dawa zisiharibike," alieleza haraka. "Kisha nikaingia ndani kutafuta wa kusaini. Subirini, mwizi anakuja."

Picha ikakatika. Iliporudi, ilikuwa saa nane, dereva anawasha gari, boksi halipo. Nani alifungua mlango wa nyuma katikati hapo, Mungu ndiye ajuaye.

Bosi hakufoka safari hii, na hilo ndilo lililomkata maini dereva. Alitamani afokewe.

"Mpigieni fundi!" alisema dereva. "Atawaambia kamera inajizima yenyewe. Siyo mimi!"

Fundi akapigiwa, sauti ikawekwa nje wote wasikie. Mtu mwema yule, hajui kudanganya. "Ndiyo, bosi, inajizima," akasema. "Mimi nilimuuliza kama niiache iendelee. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka ikate mapema."

Bosi akamshukuru, akakata simu. Kisha akamnyooshea dereva mkono, apewe ufunguo wa gari.