Uzito Uliokaa Kwenye Kochi

Asubuhi hiyo fundi cherehani alikuwa anapunguza ubavu wa gauni lake mwenyewe, pini zimebanwa midomoni, mto wa kochi ulipobonyea. Hapakuwa na mtu kwenye kochi. Mto ulishuka taratibu, kama unavyoshuka mtu mnene anapoketi kwa uangalifu, springi zikalia, kisha zikatulia. Fundi aliutazama, akachomoa pini moja, akaendelea na mshono.

Gauni lilikuwa linamtoka mwilini kwa sababu ya daktari. Daktari alisema kwamba kabla hajamkata tumbo ili libaki dogo, lazima kwanza apungue kwa chakula, maana ini lake lilikuwa limevimba kwa mafuta na lingeziba njia ya kisu. Kwa hiyo alikunywa supu iliyochujwa na uji mwepesi, akasubiri kibali cha bima. Bila kibali hakuna kukatwa. Supu ilikuwa mikononi mwake; kibali kilikuwa mikononi mwa watu asiowajua.

Hakuwa anatafuta urembo. Akilala, aliacha kupumua. Dada yake mkubwa, aliyefanana naye mwili mpaka sauti, alijilaza mchana mmoja baada ya kufua, ombi lake likiwa bado liko bima, na hakuamka. Tangu hapo fundi alilala ameketi, mgongo ukutani, roho mkononi. Kisu nacho alikiogopa. Mbele kulikuwa na kisu, nyuma kulikuwa na usingizi, na yeye alikuwa katikati anachuja supu.

"Subira huvuta heri," mteja mmoja alimwambia.

"Ya dada yake ilivuta sanda," mama yake akajibu kutoka jikoni.

Kadiri gauni lilivyopunguzwa, ndivyo kochi lilivyojaa. Kwanza yalionekana magoti. Kisha mapaja, kifua, mikono iliyopakatwa, na mwisho uso, ambao ulikuwa uso wa fundi mwenyewe, ila umetulia zaidi. Mama alipokuja na ndoo na tambara la kupigia deki, alisimama mbele yake.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mama. Zile kilo nilizopunguza."

"Mwambie anyanyue miguu, nataka kupiga deki."

Yule akanyanyua miguu.

Hakuwa na maneno. Alikuwa na njaa tu. Kila kitu ambacho fundi alikitamani akakiacha, mkate, nyama ya mafuta, sukari ya chai, baadaye kilikutwa kimeliwa na sahani imeoshwa.

"Ana adabu kukushinda," mama alisema. "Wewe sahani zako nilikuwa nazikuta chini ya mashine."

Kilichomtia fundi hofu hakikuwa huko kula. Mchana, akishashiba, yule alisinzia, na fundi akasikia kwa mara ya kwanza kitu ambacho mama yake alikuwa amekisikia kwa miaka. Mkoromo ulipanda, ukapanda, ukakatika. Kifua hakikuinuka. Mguu wa fundi uliganda juu ya pedali. Mama akaja mpaka mlangoni na mwiko mkononi, akasimama. Saa ya ukutani ikaanza kusikika kama nyundo. Kisha pumzi ikarudi kwa kishindo, kama mtu aliyezama anapotoa kichwa majini.

"Ndivyo nilivyo?" fundi aliuliza.

"Wewe unachelewa zaidi kurudi," mama alisema, akaenda kutazama sufuria yake.

Bibi harusi mmoja alikuja kujaribisha gauni. Akawasalimia wote wawili kwa heshima.

"Pacha wako?"

"Uzito wangu."

"Mmefanana," alisema bibi harusi, akageuka ili afungwe zipu.

Lakini yule alikuwa amejifunga shuka tu, na shuka lilikuwa fupi. Mama akachoka.

"Mshonee kitu avae. Hapa ni chumba cha wateja, si bafuni."

Hapo ndipo fundi alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kifundi. Kila fundi, ndani ya mshono, huacha kitambaa cha akiba upana wa vidole viwili, ili mwenye nguo akinenepa mshono ufumuliwe na nguo itanuliwe. Safari hii, katika magauni yake mwenyewe, alikuwa ameikata akiba yote. Ilikuwa ahadi yake: hakuna kurudi nyuma. Vile vipande hakuvitupa, kwa kuwa fundi hatupi kitambaa. Aliviunga na pazia la zamani, akamshonea yule gauni, na mkono ukafanya ulichozoea. Ukamwachia akiba kila upande.

Yule alivaa, akasimama, akajitazama kwenye kioo cha wateja. Akachukua malapa ya marehemu dada mtu yaliyokuwa nyuma ya mlango, akayavaa. Yalimtosha. Tangu siku hiyo alizidi kunenepa bila wasiwasi, na kila gauni lilipombana alisogea hadi kwenye mashine, akasimama kando yake mpaka fundi afumue mshono na kumtanulia. Hakukuwa na sababu ya kumkatalia. Akiba ilikuwepo.

Siku moja wakapiga simu kutoka bima. Sauti ilisema ombi limefika hatua ya mwisho, kesho aende hospitali akapimwe mbele ya ofisa wao. Fundi aliweka simu chini, akajikuta mikono imelowa jasho mpaka uzi ukamteleza. Alifurahi na kuogopa, yote kwa pamoja.

Mama akakataa kubaki nyumbani na yule.

"Pumzi ikimkatika niko peke yangu, nimfanye nini? Nendeni naye. Na mimi nakuja."

Wakaenda wote watatu. Mizani ilikuwa kwenye korido, chini ya dirisha lenye nyavu. Muuguzi alisema, "Vua viatu, mama, panda taratibu." Fundi akapanda. Ofisa wa bima, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliinama kusoma.

"Hongera. Umepungua."

"Asante, mwanangu."

"Sasa hapo ndipo penye shida. Upasuaji huu ni wa waliozidi kiwango. Wewe umeshuka chini ya kiwango."

"Daktari ndiye aliyeniambia nipungue. Nisipopungua hanikati."

"Daktari ana yake, na sisi tuna yetu."

"Kwa hiyo nisipopungua hanikati, na nikipungua hamniruhusu."

"Umeelewa vizuri," alisema ofisa, na alimaanisha sifa. "Wengine tunawaeleza asubuhi nzima."

Yule alikuwa ameshavua malapa. Alipanda kwenye mizani bila kuitwa. Chuma kikalia. Ofisa akainama tena, na safari hii akainuka na uso mkunjufu.

"Huyu anafaa."

"Huyo ni uzito wangu," fundi alisema.

"Ndiyo. Uzito ndio tunaoupima."

Muuguzi akamfunga yule utepe wa plastiki mkononi. Utepe ulikuwa na jina la fundi.

"Dada, nisikilize," fundi alimwambia muuguzi kwa sauti ndogo. "Anayeacha kupumua ni mimi."

"Na huyu pia. Alisinzia hapo kwenye benchi, nimemsikia mwenyewe. Usiogope, tutamwangalia vizuri."

Daktari alikuja, akambonyeza yule chini ya mbavu, akatafuta, akabonyeza tena. Hakukuta ini lolote la kuziba njia. Alisema mgonjwa aliyejiandaa hivi hajapata kumwona. Milango ya chumba cha upasuaji ikafunguka, yule akaingia bila kugeuka nyuma, akamwachia fundi malapa ya marehemu ayashike.

Mama na mwana wakakaa kwenye benchi. Fundi aliogopa kwa niaba ya yule, kwa kuwa woga wa kisu alikuwa ameshauandaa na hakujua pa kuupeleka.

Upasuaji ulikwenda salama. Fundi alirudi bima kuuliza habari yake mwenyewe. Akajibiwa kwa upole kwamba haki hiyo mtu huipata mara moja tu, na jina lake lilikuwa limeshaipata. Kama alikuwa na malalamiko, angeweza kusubiri.

Nyumbani yule alipungua wiki hadi wiki. Alikula vijiko vichache, akashiba. Akajifunza kutunga uzi kwenye sindano, kisha kukata, kisha kushona, na mshono wake ulinyooka. Wateja wakaanza kumwita fundi. Mchana alijinyoosha chali sakafuni, akalala kimya kama mtoto aliyenyonya.

Fundi mwenyewe alihamia kwenye kochi. Supu haikuwa na maana tena, na kilo zikarudi, ngeni na zenye haraka. Magauni yakambana. Alipofumua mishono akakuta hakuna kitu ndani, ukingo mtupu.

"Simama nikupime," yule alisema siku moja. Lilikuwa neno lake la kwanza, na sauti ilikuwa ya dada mtu.

Fundi alisimama, akainua mikono. Kipimo cha utepe kilipita kifuani, kiunoni, nyongani.

"Nikuachie akiba?"

"Niachie."

"Kubwa?"

"Kubwa kiasi unachoweza," alisema mama kutoka jikoni, kabla mwanawe hajajibu.

Yule akaketi kwenye mashine. Fundi akarudi kochini, akaegemeza mgongo, akakaza macho kwenye saa ya ukutani. Alikuwa ameapa kutolala mchana. Mashine ililia sawasawa, pedali ikapanda na kushuka, na usingizi ukamjia kwa nyuma, kama kawaida yake, ukamshika mabega.

Alipokuwa anazama alisikia mashine ikisimama. Alisikia nyayo za mama zikitoka jikoni, zikafika mlangoni, zikakoma. Akajua wanasikiliza pumzi yake. Naye pia akasikiliza.