Walisema ni Uzee

Ilianza mabegani. Msusi mmoja, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkono Mwepesi kwa sababu alisuka kichwa kizima bila mteja kukunja uso, aliamka asubuhi akashindwa kuinua mikono. Si kwamba iliuma tu, iligoma. Nyonga nazo zilikuwa zimekaza kama kamba iliyolowa ikakaukia juani. Akajisukuma kutoka ukingoni mwa kitanda, akarudi chini puu! kama gunia. Jua lilipopanda mwili ukalegea, akafungua saluni, akasuka kama kawaida yake. Akalilaumu godoro.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: viti vya kuzunguka, kioo kirefu, sinki la kuoshea nywele, na draya lililonguruma kama pikipiki mbovu. Kwa chumba hicho alilea watoto wake wawili. Wa kwanza, wa kiume, alikuwa karani wa ofisi na alikuja Jumapili. Kitinda mimba, binti, alifundishwa kusuka na mama yake mwenyewe, na sasa walifanya kazi bega kwa bega.

Godoro likabadilishwa. Asubuhi zikazidi kuwa mbaya. Akaanza kuvaa magauni ya vifungo vya mbele, maana ya kuvalia kichwani yalimshinda. Jioni mwili ukawa unapata joto la ajabu, na nyama zikampungua hadi pete ikawa inazunguka kidoleni. Mwanawe akampeleka zahanati.

"Mama ana miaka mingapi?" daktari alimuuliza kijana, utadhani mama mwenyewe ni mzigo ulioletwa.

"Sabini na minne," Mkono Mwepesi alijibu.

Daktari akacheka kwa upole. "Basi ugonjwa tumeshaujua. Mama, umekula chumvi nyingi. Mwili umechoka, sasa uupumzishe." Akaandika dawa za maumivu. Hakumgusa hata bega.

Tangu siku hiyo neno likawa moja tu nyumbani. Akichelewa kuinuka kitini, ni uzee. Akiangusha kikombe, ni uzee. Majirani nao walitikisa vichwa kwa huruma ile inayokera kuliko tusi. Mwishowe watoto wakakaa kikao sebuleni, yeye mwenyewe akiwa papo hapo kwenye kochi, wakamzungumzia kana kwamba amekwenda sokoni.

"Mama apumzike," alisema mkubwa. "Saluni uishike wewe."

"Na chumba chake cha juu je?" binti aliuliza. "Ile ngazi inamshinda."

"Ahamie kile cha nyuma."

Kisha wakamgeukia. "Au unasemaje, mama?"

Angesema nini? Mwili haukuwa na nguvu hata ya kubisha. Na la kuuma zaidi, yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuwaamini. Akaitikia kwa kichwa. Haukupita muda kuta zikapakwa rangi ya waridi, mlangoni likapanda bango jipya lenye jina la binti. Wateja walioulizia walijibiwa kwamba mama amestaafu.

Jumapili moja binti alikaa nyuma yake amchane nywele. Kitana kilipogusa tu, Mkono Mwepesi alipiga ukelele.

"Mama! Sijaanza hata."

"Inauma. Ngozi yote ya kichwa inauma, kama nimeungua."

"Jamani, mama, nawe kwa kudeka! Wewe uliyekuwa ukinibana kichwa magotini nisikimbie?" Binti alicheka, akamfunga kitambaa juu ya nywele zilizosokotana, mambo yakaishia hapo.

Ikaja taya. Akitafuna nyama, taya lilichoka njiani, akalazimika kutua kama anayepanda mlima. Binti akaona mama amekuwa mchaguzi wa chakula, akampikia uji. Kichwa kikaanza kugonga upande wa kulia, kwenye panja, karibu na sikio.

"Hapa, mwanangu. Panauma hapa."

"Umekunywa dawa za daktari?"

"Nimekunywa."

"Basi zipe nafasi zifanye kazi."

Adhuhuri moja alikuwa dirishani pazia likashuka kwenye jicho la kulia. Halikuwa pazia la dirisha. Likakaa kidogo, likapanda tena. Akajikokota hadi saluni akishika ukuta. Binti alikuwa na bibi harusi kitini na wasimamizi wake wamejaa chumba, draya linanguruma.

"Jicho limezima," alisema.

"Sasa hivi unaona?"

"Sasa naona, lakini..."

"Ni hiyo miwani, mama, ya siku nyingi. Tutaibadilisha mwezi ujao. Kaa basi, utajikwaa kwenye hizi nyaya."

Wasimamizi wakamtazama kwa yale macho ya huruma. Akarudi chumbani. Alipoamka kesho yake jicho la kulia halikuona kitu.

Mwanawe akampeleka hospitali ya macho, akapokelewa na daktari msichana, mwembamba, mwenye vidole baridi. Huyu hakumtazama kijana. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akampapasa pande za kichwa taratibu.

"Mama, ukitafuna taya linachoka?"

"Linachoka."

"Kuchana nywele je?"

"Siwezi kuguswa."

"Na asubuhi, mikono inainuka?"

"Haiinuki mpaka jua lipande." Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza.

Vipimo vya damu vilirudi jioni. Daktari akawaeleza bila kuzunguka: kinga ya mwili ilikuwa imegeuka ikaushambulia mwili wenyewe. Kulikuwa na uvimbe mabegani na nyongani, uvimbe ndani ya mishipa ya kichwa, hata damu ikashindwa kulifikia jicho. Ugonjwa huo huwapata wenye umri mkubwa, ndiyo, lakini si umri. Dawa yake ipo. Jicho la kushoto wangelipigania. La kulia halingerudi.

"Kwa nini hamkumleta mapema?"

Mkono Mwepesi alicheka. Alicheka mpaka mwanawe akaogopa, akamshika mkono. "Nililetwa," alimwambia daktari. "Nililetwa, mwanangu. Waulize."

Wakamtundikia dripu, kisha vidonge. Kabla wiki haijaisha aliamka asubuhi, akainua mikono yote miwili, akajifunga kitambaa mwenyewe. Akasimama bila kushika kitu. Akatembea hadi mwisho wa wodi na kurudi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimshangilia, akidhani machozi yale ni ya furaha. Alikuwa akilia kwa hasira. Kumbe zile nguvu zilikuwapo muda wote! Kumbe zilikuwa zimefungiwa tu, na ufunguo wake ni kidonge kidogo kuliko kifungo cha shati.

Alirudi nyumbani kwa miguu yake, akapita moja kwa moja hadi saluni ya rangi ya waridi.

"Kiti changu kiko wapi?"

Binti akaanza kulia. "Mama, nisamehe. Sikujua."

"Nilikwambia kichwa kinauma, ukasema nadeka. Nikakwambia jicho limezima, ukaniambia nisijikwae kwenye nyaya."

"Mama, sisi si madaktari," kaka mtu aliingilia.

"Hilo kweli. Lakini masikio mlikuwa nayo."

Kiti kikatolewa stoo, kikafutwa vumbi.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aliyesukwa naye tangu ujana. Mikono ilikwenda mbio kama zamani. Lakini jicho moja halipimi umbali. Kitana kilitua pembeni ya pale alipokusudia, na njia alizotenga zikaenda kombo kuelekea sikioni. Mwalimu alijitazama kiooni, akasema, "Safi kabisa, dada yangu." Siku mbili baadaye Mkono Mwepesi alimwona kituo cha basi. Mistari ilikuwa imenyooka sasa, mkono wa binti yake, asingeweza kuukosea. Bila shaka binti alikuwa amemfumua na kumsuka upya nyumbani kwa mwalimu, kwa siri, ili mama asiumie.

Akageuka arudi nyumbani. Dawa zilikuwa zimemvimbisha mashavu yakawa duara, na njia nzima ya kurudi nyumbani watu walimsimamisha kumpongeza. "Umenawiri! Umerudi kuwa msichana!" Akawa anaitikia ahsante, ahsante.

Kesho yake hakukaa kwenye kiti chake. Alifunga aproni, akaenda kusimama kwenye sinki, mahali pa wanaoanza kazi, ambapo kichwa huoshwa kwa kupapasa. Binti aliacha kusuka, akamfuata, akaongea chini chini wateja wasisikie.

"Mama, acha. Pumzika."

"Neno hilo usiniambie tena," alisema Mkono Mwepesi, akafungua bomba, akamwita mteja aliyefuata ainamishe kichwa.