Umenoa

Mwanamke yule aliteremka kwenye bodaboda mbele ya karakana ya Abednego pale Kiabakari, gunia begani, kama mtu anayepeleka mahindi mashineni. Alipolitua, gunia likalia chuma. Akajifuta vumbi usoni kwa upindo wa mtandio, akasalimia, kisha akasema jambo lililowavunja watu mbavu.

"Namtafuta fundi anayenoa."

Fredi, fundi wa kuunga vitanda, aliweka nyundo chini ili acheke vizuri. "Anayenoa? Basi umefika, mama! Hapa anayenoaga ni huyu." Akamwonyesha Nyamburi kwa kidole. "Asubuhi ananoaga, mchana ananoaga, mpaka tunafunga bado ananoa tu."

Mitaani kunoa ni kukosea. Mwanafunzi akijibu ovyo, amenoa. Mchezaji akipaisha penalti juu ya goli, uwanja mzima utamwambia amenoa. Na kwa kuwa kazi ya Nyamburi pale karakana ilikuwa kunoa patasi za bosi na kusugua msasa, walikuwa wamempa jina: Bi Umenoa. Alikuwa na cheti cha useremala chenye alama ambazo Fredi alizisikia kwa watu tu. Lakini mashine za kukereza, zinazozungusha mti ukichongwa, zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya bosi mwenyewe. Ya pili ilifunikwa turubai tangu Mugeta, aliyekuwa akiitumia, alipokimbilia machimboni. Nyamburi alipoiomba, Abednego alimjibu kwamba mashine haipatani na kanga. Siku hiyo, kama siku zote, Nyamburi alikuwa amevaa ovaroli.

Mgeni hakucheka. "Mimi ni Raya, natoka Bweri," alisema. "Mwaka jana kaka yangu alinunua kitanda hapa, kile cha nguzo nne. Baba yetu, mzee Abdulkadiri, amekuwa mkerezaji miaka arobaini, ila sasa macho yameisha. Alikipapasa kile kitanda chote. Akasema nguzo tatu zimesuguliwa msasa mpaka zimesahau umbo lake, lakini ya nne imekatwa na patasi kali, msasa haujaigusa. Akasema, huyu wa nne ananoa, mkamtafute."

Kicheko kikakatika.

"Nguzo zote nne alizikereza Mugeta," Abednego alisema.

Nyamburi angeweza kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa na faida zake: kazi, chai ya saa nne, amani. Lakini mtu asiyeona alikuwa ameiona kazi yake kutoka Bweri kote huko, na yeye mwenye macho mawili aikane?

"Ya nne niliikereza mimi, bosi. Mugeta alikuwa amelala na homa nyuma ya mbao, na nyinyi mlikuwa mmeenda Bunda kuchukua gundi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa ya mteja. Alikuwa anakuja saa kumi."

Raya akajifanya hajasikia. Alitandika gunia sakafuni na kupanga juu yake vyuma kumi na kimoja, patasi za kukerezea zenye mipini ya mbao na kutu usoni. Akaeleza kwamba Jumamosi mzee anahamia Tabora kwa mwanawe mkubwa, kwa gari la saa sita mchana, na hataki vyombo vyake viishie kwenye mizani ya wanunua chuma chakavu. Amechagua mafundi watatu wa kuwagawia, mmoja wa Murangi, mmoja wa Bunda, na huyo wa nguzo ya nne.

"Chagua tatu," alisema. "Anasema anayetaka zote hajui anachotaka."

"Chukua ndefu," Fredi alishauri. Yeye alikuwa amejinunulia seti mpya yenye mipini ya bluu, akingojea siku turubai litakapofunuliwa. "Ndefu utadumu nayo."

Nyamburi alichuchumaa. Alikiinua kila chuma, akakigonga kwa ukucha na kukisikiliza, akakigeuza kutazama ncha. Kwanza alichukua patasi nzito iliyobonyea kama mfereji, iliyofuliwa kutokana na springi ya lori. Hiyo ni ya kuuvua mti pembe zake uwe mviringo. Ya pili ilikuwa bapa, ncha yake imekatwa mshazari. Hiyo humwaibisha fundi yeyote asiyeijua, lakini anayeijua huacha mti unang'aa. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote. Chuma chake hakikuzidi kidole, na mpini umelainika kama ukosi wa shati la zamani.

"Huo sasa ni msumari," Fredi alisema.

"Imefupika kwa kunolewa," Nyamburi alimjibu. "Chuma kibaya hakizeeki hivi, Fredi. Hutupwa kingali kirefu."

Raya akaangua kicheko chake cha kwanza. "Hiyo marehemu mama alikuwa akiiita mke mwenza! Alisema, mume wangu anamshika huyu kuliko anavyonishika mimi."

Nyamburi aliuliza alipe nini. Raya akasema mzee hataki hela. Anataka kitu cha kwanza kitakachokerezwa kwa vyombo hivyo, akishike mkononi kabla hajapanda gari.

"Cha kwanza hasa?"

"Cha kwanza. Kiwe kizuri, kiwe kibaya."

"Nitakileta mwenyewe," Nyamburi alisema. "Naahidi."

Raya alipopanda bodaboda kuelekea Bunda, Abednego alibaki amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Kuumbuliwa mbele ya mgeni kulikuwa kumemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliwaambia kwamba kanisa moja la Butiama linataka nguzo arobaini na nane za uzio wa altare, na kamati itatazama sampuli Jumamosi saa tatu asubuhi. "Fredi tengeneza moja, na wewe moja. Itakayonifurahisha ndiyo nitakayopeleka. Kamati wakiikubali, mwenye nguzo atakaa kwenye mashine ya Mugeta. Mwingine atashika msasa, na sitaki kusikia maneno tena."

Fredi alimaliza ya kwake Jumanne, kwenye mashine ya bosi. Alizibandika patasi zake mpya kwenye grainda mpaka cheche zikaruka kama fataki na ncha zikageuka bluu kama mipini yake. Chuma kikifika rangi hiyo kimeungua na makali yake hayakai. Patasi zikautafuna mti badala ya kuukata, vumbi likamwagika badala ya tepe za mbao. Mawimbi yaliyobaki akayasugua kwa msasa nusu siku nzima, akapaka vanishi, ikapendeza kwa mbali.

Nyamburi alikuwa bado ananoa. Alipaka masizi ya sufuria kwenye mteremko wa ncha, akaugusisha kwenye grainda kwa kufumba na kufumbua, akautazama. Pale masizi yalipofutika ndipo jiwe lilipopita, na pale yalipobaki bado. Akachovya kwenye kopo la maji, akapaka tena, akagusisha tena. Baada ya grainda likafuata jiwe la mkono, na baada ya jiwe, kipande cha mkanda wa ngozi. Alipima kwa ukucha wa dole gumba. Patasi butu huteleza juu ya ukucha, kali hung'ang'ania.

"Umenoa!" Fredi alimpigia kelele kila alipopita. "Bi Umenoa, leo Jumatano!"

Jumatano hiyo hasira zilimpanda Nyamburi. Akaiacha ile fupi kwenye grainda pumzi moja zaidi ya ilivyopasa, na kona ya ncha ikageuka bluu. Nyamburi aliitazama, machozi yakamlenga. Ilimbidi aisage sehemu iliyoungua mpaka iishe, ukubwa wa punje ya mtama, kutoka kwenye chuma kisichokuwa na punje za kuchezea. Alijisikia kana kwamba amemkata mzee wa watu kidole. Toka hapo kila Fredi alipopiga kelele, Nyamburi alikuwa akitoa kwanza chuma kwenye jiwe, anavuta pumzi, ndipo anaendelea.

Alikuwa ameshapanga mambo yake. Ijumaa angepewa mashine ya Mugeta kutwa nzima. Nguzo ya kwanza ingekuwa ya mzee, ya pili ya kamati, kwa mchoro uleule. Abednego alinung'unika sana lakini akampa vipande viwili vya mninga.

Ijumaa asubuhi turubai likafunuliwa. Nyamburi alikifunga kipande cha kwanza, akawasha, akaegemeza patasi ya springi. Mti ukaanza kujivua, tepe ndefu zikamwagika juu ya mkono wake, za moto kidogo, zikinukia. Hakukuwa na kelele, ni mlio mwembamba tu kama maji yanayoingia mtungini. Ile bapa ililainisha mabega ya nguzo. Mke mwenza akachonga shingo na vikombe, yale mapambo ya mviringo, mahali ambapo patasi ndefu ingetetemeka. Fredi alipita nyuma yake mara moja. "Umenoa bado?" Mkono wa Nyamburi ukaikaza patasi, kisha ukalegea.

Saa sita mchana alizima mashine. Abednego alikuja, akapitisha kiganja juu ya nguzo, akapitisha tena.

"Hii ndiyo itakayokwenda Butiama," alisema hatimaye.

"Hiyo ni ya kwanza, bosi, ni ya mzee. Ya kamati naanza sasa hivi, kabla ya alasiri utakuwa nayo."

Alifunga kipande cha pili. Akabonyeza swichi. Mashine ikanguruma, ikazunguka mara kadhaa, ikalegea, ikasimama.

Umeme ulikuwa umekatika Kiabakari nzima. Waliambiwa upepo umeangusha nguzo ya umeme njiani. Jioni haukurudi. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Nyamburi alifika karakana na kubonyeza swichi hata kabla ya kuvua sweta. Kimya.

Abednego alimkuta pale. Hakuwa mtu mbaya, na asubuhi ile alisema kwa upole kabisa, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi. "Nyamburi, sikiliza mwanangu. Nipe hiyo nguzo. Mashine ni yako, nimeshasema. Umeme ukirudi, tengeneza nyingine, uitume Tabora kwa basi, umwambie mzee ndiyo ya kwanza. Atajuaje? Haoni!"

"Haoni, bosi. Lakini mimi naona."

"Utapoteza mashine kwa ajili ya mzee ambaye hata humjui?"

"Yeye ananijua. Wewe nimekufanyia kazi miaka miwili, na aliyenijua ni yeye, kwa kupapasa nguzo moja ya kitanda."

Abednego akainama, akachukua nguzo ya Fredi yenye vanishi, akaifunga kwenye gazeti. "Basi Fredi ndiye atakayeikalia mashine. Usije ukalia."

"Sitalia."

Fredi alikuwa ameegemea mlango, na furaha yake haikuwa imekaa sawa usoni. Ila ulimi una mazoea. "Umenoa, Nyamburi," alisema.

"Ndiyo," Nyamburi alimjibu, huku akiviringisha patasi tatu kwenye kitambaa. "Siku tatu nzima. Na wewe ungenoa, usingehitaji vanishi yote hiyo."

Alisimamisha gari la kwenda Musoma, nguzo magotini. Akashukia Bweri, akauliza nyumba, akafika saa tano kasoro. Mabegi yalikuwa barazani, na kando yake mzee mwembamba mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono alikuwa amekaa mkekani, uso ameuelekeza njiani.

"Shikamoo babu. Ni Nyamburi wa Kiabakari."

"Marahaba. Umechelewa, nilidhani umeghairi. Lete."

Aliipokea nguzo, akailaza mapajani kama mtoto. Vidole vyake vikaanza chini, vikapanda polepole, vikazunguka kila kikombe. Raya aliyekuwa akifunga zipu ya begi aliacha, akatazama. Karibu na shingo vidole vikasimama, vikarudi nyuma, vikasimama tena palepale.

"Hapa nani alikuudhi?"

Nyamburi hakuamini masikio yake. "Kuna mtu alinicheka, babu."

"Mm. Ukamkaba mti badala yake." Akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Na mke mwenza yuko wapi?"

Akampa ile patasi fupi. Mzee aliigusisha ncha kwenye ukucha wa dole gumba, ikang'ang'ania. Akapima urefu wake kwa kidole, akapima tena, na Nyamburi akajua amegundua.

"Niliiunguza, babu. Kona moja. Nisamehe."

"Kwani mimi iliniishia kwa kufanyaje?" Akaushika mkono wa Nyamburi, akamrudishia chuma kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu ya mpini. Kisha akasema neno lile, kwa maana yake ya zamani, taratibu, kama mtu anayetia sahihi.

"Umenoa."

Nyamburi, ambaye hakulia Kiabakari, ilimbidi atazame barabarani kidogo.

"Mashine unayo?" mzee aliuliza.

"Leo asubuhi nilikuwa nayo. Sasa sina. Lakini nitaipata, babu, iwe pale, iwe kwingine."

Raya alikuwa akihangaika na begi. Nguzo ilikuwa ndefu, kila alivyoiweka zipu iligoma. "Baba, haingii. Tutaituma baadaye."

"Toa blanketi," mzee alisema.

"Tabora usiku kuna baridi, Baba!"

"Nimekwambia toa blanketi."

Raya akalitoa blanketi, nguzo ikaingia, zipu ikafunga.