Ukivuta, Navuta

Kitabu hakikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Mchwa wa Nachingwea hawachagui cha kula. Samia na kaka yake Jamali walikisoma utotoni hadi kikalainika kama kitambaa. Kilisimulia ndugu wawili na jitu lililolalia dhahabu ndani ya mlima. Mmoja aliingia pangoni na kamba kiunoni, mwingine akabaki mlangoni, na ahadi yao ilikuwa moja: ukivuta, navuta. Kama walitoka au hawakutoka, mchwa ndio waliojua. Jamali alikuwa akijitungia mwisho wake, ule ule kila mara: wote wawili wanarudi nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Jamali alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Namungo, na Samia akipika uji pale pale machimboni. Shimoni kwenyewe mwanamke hasogei. Wachimbaji waliamini dhahabu humkimbia mwanamke, ingawa uji wake waliunywa bila wasiwasi.

"Na jitu je, mmelikuta huko chini?" Samia alizoea kumtania kaka yake.

"Lipo huku huku juu, dada. Jina lake njaa."

Asubuhi moja baada ya mvua, ukuta wa shimo uliporomoka. Jamali na mwenzake Salimu walikuwa chini. Wanaume wa juu waliruka nyuma, wakaiacha kamba imefungwa kwenye gogo. Samia akatupa mwiko, akakimbia.

Selestini, msimamizi wa shimo, alimzibia njia. "Dada, usisogee. Utalikasirisha shimo."

"Limeshakasirika. Nipishe."

Akampita, akashika kamba, akaivuta kidogo. Kamba ikajibu. Samia alilia kwa furaha, wala hakuona haya. Akavuta peke yake, miguu ikiteleza topeni, viganja vikichunika, na mashujaa wale wamesimama wanabishana kama inafaa kushika kamba iliyoshikwa na mwanamke. Mwiko kwanza, roho ya mtu baadaye. Mwishowe Selestini akaona aibu, akaja kuvuta, wenzake wakamfuata.

Aliyetoka alikuwa Salimu, mguu umevunjika.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Yuko chini. Kamba ilikuwa kiunoni mwake, akaifungua, akanifunga mimi. Akasema dada yake yupo juu, hataachia. Iteremsheni upesi."

Wakaiteremsha. Kabla haijafika, ukuta wa pili ukashuka na kuibana. Samia akavuta, akangoja, akavuta tena. Hakuna aliyejibu.

Selestini akamwomba aiachie.

"Mngevuta nami tangu mwanzo," Samia alisema, "ingemfikia."

Akaiachia kamba.

Salimu alikuwa akiugulia maumivu pembeni. Samia alimtazama akamchukia kwa moyo wake wote. Kisha akavua khanga yake ya juu, akapiga magoti, akaanza kumfunga mguu, maana Jamali hakumwachia mwingine ila huyu.