Chungu Kinachoitika

Theodosia alikuwa anafuta chungu cha mwisho kwa kitambaa kilicholowa spiriti, yuko ndani ya ovaroli nyeupe, kofia na glavu, macho tu ndiyo yako nje, mama yake alipoingia na matope miguuni. Kipima vumbi cha ukutani kikaanza kulia.

Mhandisi Masanja alikuwa upande wa pili wa kioo. Sauti yake ikatoka kwenye spika. "Theodosia, kuna nini humo?"

"Ni mama."

"Mama mzazi? Si alishafariki?"

"Tulimzika mwaka wa mafuriko."

"Haya. Mpe kofia basi, nywele zinamwaga vumbi."

Theodosia akampa kofia. Safina, mtoto wa mwenye duka la vitenge pale Ifakara mjini, akaacha chungu chake akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi humu mnagandisha samaki? Baridi yenu inanishukia mpaka mifupani."

"Samaki wangekuwa na faida, mama," Safina alisema. "Hawa wanagandisha hewa."

Hakusema uongo. Vyungu vile havikuwa vya udongo, vilikuwa vya niobi, madini yanayong'aa kama sufuria mpya. Vikishafutwa vilifungwa, vikaunganishwa mdomo kwa mdomo ndani ya bomba refu lililonyooka, lililokata mashamba ya zamani ya mpunga upande wa Namawala. Vilipoozwa kwa gesi ya heli iliyogeuzwa maji, na hapo umeme ukiingia haupungui tena. Chembe ndogo zisizoonekana kwa macho zilipitishwa humo, kila chungu kikizisukuma zizidi mbio. Mradi ulikuwa bado unajaribu, chungu kipi kinafaa na kipi hakifai. Punje moja ya vumbi ilitosha kukiharibu. Masanja alipenda kusema kwamba chungu kizuri hakisahau. Kitie kitu, kitakaa nacho.

"Mama, umefikaje huku?" Theodosia aliuliza.

"Nifikeje wakati sijaondoka?"

Mradi ulipokuja, watu waliambiwa makaburi yote yaliyokuwa pale yamehamishiwa Lumemo. Walikwenda, wakakuta misalaba imesimama kwa mstari, imepakwa rangi mpya, wakasali, wakarudi makwao. Kumbe lori lilibeba misalaba tu.

"Nguzo ya bomba lenu imenikalia kifuani," mama alisema, bila hasira. Akaketi kwenye kigoda cha chuma, akajikunyata.

Theodosia aliomba sakafu ivunjwe. Masanja alikuwa mtu wa watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Pole sana, dada yangu. Lakini nguzo ile ikicheza hata unene wa unywele, chembe zinagonga ukuta, kazi yote imekwisha. Wageni wanakuja kuona jaribio. Wakishaondoka tutaongea."

Wageni wakaahirisha safari. Mama akawa anakuja kila asubuhi, midomo imekauka kwa baridi, na Theodosia akawa anafuta nyayo zake sakafuni, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa mjomba wake Hilary, kaka wa marehemu, akamkuta anasuka mgono wa kutegea samaki, akamweleza.

"Walimwita?" mjomba aliuliza.

"Walibeba msalaba tu, mjomba."

"Sasa mtu atatokaje hajaitwa? Mtoto wake ndiye amwite, tena kwa jina la ubatizo. Siyo 'mama'. Kina mama wako wengi kule chini. Shika udongo wa kaburi lake mkononi, ita. Akiitika, ondoka naye mpaka msalabani. Na usigeuke nyuma. Ukigeuka, anarudi."

"Udongo wenyewe uko chini ya zege."

"Miguuni hana?"

Kesho yake Theodosia hakufuta nyayo zote. Udongo kidogo aliuficha ndani ya glavu. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, anachungulia vyungu kama mtu anayechagua sokoni.

Sasa ilibaki kuita. Tangu azaliwe, Theodosia hakuwahi kulitamka jina la mama yake mbele ya watu. Ni mtoto gani huyo anayemwita mama yake kwa jina? Safina alikuwa palepale, na Masanja anasikia kila kitu kwenye spika. Aibu ikamshika. Akainama, akauweka mdomo wake kwenye mdomo wa chungu, ili asisikike, akanong'ona:

"Eveline."

"Abee," mama akaitika.

Theodosia hakugeuka. Alitoka, akavua ovaroli, akapanda bodaboda mpaka Lumemo, shingo imekaza kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Akaufukia udongo chini ya msalaba, akasema karibu nyumbani, ndipo akageuka. Palikuwa na mbuzi wa watu, anakula maua.

Huku nyuma, Safina alikuwa amekifunga kile chungu, kwa kuwa zamu yake ilikuwa kufunga. Kilikwenda kupoozwa siku ileile.

Wageni walifika, wakakijaribu, wakapiga makofi. Hakikuwahi kupatikana chungu kinachotunza umeme namna ile. Kikapewa nafasi ya kwanza kwenye bomba.

"Kina sauti ndani," Masanja alimwambia Theodosia, akampa vifaa vya kusikilizia. "Haipungui. Nimepima, haiharibu kitu."

Theodosia akasikiliza. "Ni mama."

"Nilidhani hivyo," alisema Masanja. "Tukikifungua sasa, vumbi litaingia. Unaelewa, dada."

Wageni waliondoka, wakaacha agizo la vyungu vingine. Asubuhi wakaanza kuingia wengine wa makaburi yale, wazee na watoto, miguu ina matope. Safina akaomba kofia zaidi stoo, zikaletwa.

Theodosia anafika kabla ya wenzake. Kabla ya kuvaa ovaroli hupita kwenye bomba, huweka sikio lake pale mwanzo.

"Abee," mama anaitika. "Abee. Abee."

Mtu akiitika, hungoja aambiwe alichoitiwa. Theodosia hupangusa kwa kiganja pale alipoweka sikio. Kisha huenda kuvaa glavu.