Kuazima kwa Kiingereza

Kiingereza nilikwenda kujifunza kwa ubishi. Binti yangu Yusra alisema wazee kitu hakiwaingii kichwani, nikamwambia tutaona. Darasa lilikuwa hapa hapa Palma, barazani kwa Gildo, kijana kutoka Pemba, ule mji wa huku huku kwetu Msumbiji. Wenzangu walikuwa wanatafuta kazi za usafi na za jikoni kwa wageni wa kampuni za gesi. Mimi nilitaka kumziba mdomo Yusra tu.

Siku hiyo Gildo aliandika maneno matatu ubaoni: "lend", "borrow", "keep".

"Mama Sumaia, a senhora, ukimpa jirani kitu atumie kisha arudishe, hiyo ni lend. Ukipokea wewe kwa jirani, borrow. Kikibaki kwako moja kwa moja, keep."

"Sisi hayo mawili ya kwanza yote ni kuazima," nikamwambia. "Na la tatu lina jina lake, ila si zuri."

Wakacheka. Kisha akataka kila mtu ataje kitu cha mwenziwe alicho nacho, nami na mdomo wangu huu nikaitaja sahani ya Mwanaamina.

"Unayo tangu lini?"

"Tangu mwaka ule tuliokimbia vita."

"Bom. Basi hiyo ni keep, mama."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mimi, mwizi?

Mwanaamina nilipakana naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa. Watu wake asili yao Mtwara. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu: akileta vitumbua, narudisha na mhogo wa nazi, naye hakubali kulala na deni la mhogo. Basi sahani hazikupumzika, nyingine tulishasahau ni ya nani. Alikuwa akipiga hodi kwa mguu, maana mikono imejaa. Namkumbuka mno, hasa saa za asubuhi.

Siku ya kukimbia, sahani yake ya bati yenye maua mekundu ilikuwa kwangu, imeoshwa, inangoja kutiwa kitu. Vitambulisho nilivisahau, sahani nikaibeba mpaka Pemba. Yeye alivuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zake. Mimi nilisharudi, yeye bado.

Mpwa wake Mudi anafanya biashara huku na huko, na mara nyingi alijitolea kuipeleka. Nilimkatalia. Nilimwambia sina cha kuijaza kinachotosha miaka yote hiyo. Ukweli niliogopa kwamba ikishaondoka, ndiyo basi tena.

Lakini neno la Gildo lilinikosesha raha. Nikatia pweza mkavu na mchele niliotwanga mwenyewe, nikafunga kwa kanga, nikampa Mudi. Siku tisa nilitembea mwepesi.

Mudi aliporudi alikaa kwenye mkeka, chai hakuigusa.

"Shangazi kaipokea, da Sumaia. Kalia sana."

"Kasemaje?"

"Wanawe walikuwa wanamwambia auze kiwanja cha huku, abaki kule. Kila siku anawajibu, 'Nina sahani yangu kwa Sumaia, sharti niifuate.' Sasa wamemwambia, 'Sahani si hiyo hapo?' Kiwanja kinatafutiwa mtu."

Niliumia, sifichi. Miaka yote hiyo alikuwa ameishikilia sahani ile kutoka ng'ambo, kama nilivyoishikilia mimi huku. Nami, kwa kutaka kujisafisha mbele ya kijana wa Pemba, nilimpokonya sababu yake ya kurudi.

Niliinuka nikaingia jikoni. Nikachukua mbuzi yangu ya kukunia nazi, aliyoniachia mama, nyingine sina. Nikaifunga vizuri kwa gunia.

"Mpelekee shangazi yako."

"Zawadi?"

"Zawadi ya nini? Namwazima. Na mwambie siipokei kwa mkono wa mtu mwingine. Ailete mwenyewe."

Mudi alinitazama, akatikisa kichwa, kisha akainywa ile chai yote. Akaondoka na gunia begani.

Huu mwezi wa tatu tunakula chukuchuku bila nazi, mhogo kwa chumvi, samaki kwa maji. Yusra ananung'unika kila mchana. Juzi alininunulia mbuzi mpya sokoni. Nikamwambia airudishe.