Mfuniko wa Tangi la Wasila

Trekta la Wasila lilikuwa na tabia ya kuzimika. Likiwashwa asubuhi liliunguruma vizuri, lakini plau ikishazama ardhini na kazi kushika kasi, sauti ilianza kufifia, likasuasua kama mtu aliyekabwa koo, kisha kimya. Ukiliacha lipumzike, linawaka tena, linalima kidogo, linazimika.

Mumewe, Mukhtari, alimwachia trekta hilo na shamba la kando ya mto, shamba ambalo hapa kwetu kwenye vilima vya Tebursuk hakuna asiyelitamani. Aliyelitamani kuliko wote ni Tijani, mdogo wa marehemu. Baada ya mazishi alilichukua trekta akaliweka bandani kwake, eti lisinyeshewe. Alilirudisha msimu wa kulima ulipokaribia, limeoshwa linang'aa, nasi tukamsifu.

Lilipoanza kuzimika, kila alipopita alisimamisha gari lake.

"Shemeji, hicho chuma kimemfuata mwenyewe kaburini. Nikodishe shamba, wewe ukae nyumbani upike."

"Nikishindwa nitakuita," Wasila alimjibu.

Hakukaa nyumbani. Alibadilisha filta. Alifungua kile kibakuli cha kioo chini ya pampu, akamwaga maji na takataka. Alilegeza skrubu ya kutolea hewa na kupampu kwa kidole mpaka dizeli ikatoka bila povu. Alipuliza bomba kwa mdomo hadi chai yake yote ikawa na ladha ya dizeli. Wapi! Trekta likazimika vilevile.

Adhuhuri moja lilimfia katikati ya shamba. Akapanda kuangalia kama dizeli ipo, akauzungusha mfuniko wa tangi. Tangi likavuta pumzi: fyuuu!

Akasimama, mfuniko mkononi. Kisha akawasha, na injini ikaitika papo hapo. Akaziba mdomo wa tangi kwa kitambaa, akalima hadi alasiri bila kuzimika. Dizeli ilikuwa inanyonywa na hewa haipati pa kuingilia kujaza nafasi yake. Alipougeuza mfuniko, kile kitundu cha hewa kilikuwa kimezibwa kwa tone la lehemu, dogo, la duara, limelainishwa kwa tupa. Hapa kijijini anayeziba hivyo ni mtu mmoja. Makopo yetu yote ya mafuta yakitoboka, tunampelekea Tijani.

"Nilitaka niende nikampasue kichwa kwa spana," Wasila aliniambia baadaye. "Halafu nikasema, hapana. Kichwa kitapona, na atawaambia mjane amerukwa na akili. Nikataka ajiumbue kwa mkono wake mwenyewe."

Basi akanyamaza. Akaacha kulima, akamwacha Tijani acheke.

Kinu cha zeituni kilipofunguliwa, njia ikajaa matela. Njia hiyo hupanda katikati ya kuta mbili, na kinachokwama pale kimeziba wote. Wasila alijaza tangi pomoni ili hewa isibaki ndani na trekta likabwe upesi, akakaza mfuniko ule ule, akafunga tela lake la zeituni, akaingia barabarani mbele kidogo ya Tijani. Mimi na punda wangu tulikuwa nyuma ya Tijani.

Katikati ya kuta, trekta likakabwa, likazimika. Honi zikaanza. Juu yetu wingu lilikuwa jeusi.

Wasila akashuka. "Jamani mniwie radhi, mimi nimeshindwa. Shemeji, wewe ndiye mwenye mikono. Njoo unitazamie."

Tijani akaja. Nilimwona macho yake yakienda kwenye mfuniko, kisha yakakimbia.

"Itakuwa filta," akasema.

"Filta mpya."

"Basi ni hewa kwenye mabomba."

"Itoe, shemeji."

Akalegeza skrubu, akapampu. Injini ikawaka, ikakohoa, ikafa.

Mzee Shadhli, mwenye kinu, akashuka kuja kutazama. "We Tijani! Zeituni zako zinachacha kwenye magunia, wewe unachezea skrubu? Si ulituambia trekta hili unalijua kuliko mkeo?"

Watu wakaangua kicheko. Matone yakaanza kuanguka.

"Tuliache lipumzike kwanza," Tijani akasema.

"Tupumzike wote, tulowe," akasema Wasila, akaegemea ukuta.

Mvua ikashika. Magunia ya Tijani hayakuwa na turubai. Alizunguka trekta, akatugeuzia mgongo, mkono ukaenda upesi juu ya tangi. Sote tulisikia: fyuuu!

"Haya, washa sasa."

Wasila hakuwasha. "Nani kakwambia ni mfuniko?"

"Nimebahatisha tu."

"Umefungua bila hata kuchungulia kama dizeli ipo." Akamnyang'anya mfuniko, akampa Mzee Shadhli. Mzee akaugeuza, akapitisha kidole kwenye lile tone.

"Hii kazi yako," akamwambia Tijani.

"Ulikuwa unavuja..."

"Kitundu cha hewa kinavuja nini?" mtu akauliza kutoka nyuma, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Waambie ulitaka nini," Wasila akasema.

Tijani akatazama magunia yake yakilowa. Maji yalimtiririka usoni.

"Sema, shemeji. Kaka yako alikulea. Sema."

"Nilitaka shamba."

"Kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia kwa sauti. Wasila akapanda, akawasha, akaenda kinuni, akakamua zeituni zake bila haraka yoyote. Mzee Shadhli alimweka Tijani nyuma ya kila mtu, hata nyuma ya punda wangu. Zamu yake ilipofika, zeituni zilishaharibika, na mafuta yake yaliishia kwa watengeneza sabuni.

Munjia, mke wa Tijani, alizoea kumletea Wasila mkate wa moto kila Ijumaa. Tangu siku ile hakuleta tena. Hilo lilimuuma Wasila, lakini si kiasi cha kujuta.

Baadaye imamu alikwenda kumwombea Tijani msamaha. Wasila alimmiminia chai.

"Mwambie bado sijamaliza kumchukia. Nikimaliza nitamjulisha."

Imamu akanywa chai yake, akaaga. Ngano ya kando ya mto iliota vizuri sana mwaka ule. Tijani sasa hupita njia ya juu, ya mbali, ili asiione.